Kitovu Chini ya Mpapai

Nepi za mtoto mchanga hazilali nje. Hilo halihitaji shule. Jua likianza kuinamia upande wa Meru, mama anatoka, anaanua, anaingia ndani, anafunga mlango. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa usiulize maswali, anua nepi.

Yuditha alizisahau.

Jamani, tusimwonee, hakuwa mzembe. Alikuwa mzazi, bado yuko ndani, na mzazi kule Machame hatoki hovyo. Analetewa mtori wa ndizi, analetewa supu, anakaa karibu na moto ananyonyesha, mpaka wakubwa waseme haya, sasa toka. Kuanua nepi ilikuwa kazi ya mama mkwe wake, Elinipendo. Lakini jioni ile Elinipendo alikuwa ameenda msibani kwa jirani na amekawia huko, na ukungu ulishaanza kushuka kutoka mlimani. Yuditha akachungulia dirishani. Kamba imejaa nepi kuanzia ukutani mpaka kule mwisho, kwenye pembe ya shamba.

Akamtazama mtoto kitandani. Kalala chali, kadogo, ngumi mbili karibu na masikio.

"Narudi sasa hivi, mwanangu," akanong'ona.

Akatoka.

Ardhi ilikuwa na umande tayari. Akaanua moja, akaanua ya pili, anazirundika begani, anaharakisha. Ng'ombe zizini alikuwa kimya. Hata mbwa wa jirani, yule anayebwekea majani, alikuwa kimya. Alipofika katikati ya kamba, pua yake ikashika harufu. Papai bichi. Ile harufu kali ya utomvu, papai linapochubuliwa kabla ya wakati wake.

Kisha akasikia sauti.

Ngu... ngu... ngu...

Akasimama. Sauti hiyo alikuwa anaijua vizuri kuliko sauti yoyote duniani. Ni mtoto ananyonya, na maziwa yanapita kooni. Lakini mtoto wake alikuwa ndani.

Ngu... ngu...

Ilitoka kule pembeni, kwenye mpapai.

Chini ya mpapai palikuwa na mwanamke amekaa. Amempa mgongo. Amenyoosha miguu mbele kama wakaavyo wanawake wakinyonyesha chini, kichwa kimeinama, na mwili unayumba taratibu, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Yuditha akadhani ni mtu wa msibani, mtu mzima aliyechoka akaona apumzike.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mwili ukaendelea kuyumba.

"Mama, umefika? Karibu ndani, kuna baridi."

Yule mwanamke hakugeuka. Akanyanyua mkono mmoja tu, taratibu, kama kumzuia.

"Shhh..." akasema. "Ndiyo kwanza anasinzia."

Nepi zote zikaanguka. Yuditha hakujua alivyofika mlangoni. Alichokumbuka ni kishindo cha kitasa, na yeye anapiga magoti mbele ya kitanda akimnyanyua mtoto.

Mtoto alikuwa macho, ametulia, anamtazama. Kifua kinapanda na kushuka kwa shibe. Na mdomoni, kwenye pembe zote mbili za mdomo, palikuwa na maziwa.

Yuditha akayapangusa kwa kidole. Yakanata.

Akanusa.

Papai bichi.

*

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila hili utamwona Yuditha kama mtu aliyeokota balaa njiani. Hakuliokota. Alilipanda mwenyewe, kwa mikono yake, na kwa mapenzi.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoporomoka. Watu waliokuwa wakisomesha watoto kwa kahawa wakawa wanaitazama mibuni yao kwa hasira. Zamani kung'oa mbuni ilikuwa kesi, unapelekwa mbele ya watu unaulizwa una wazimu gani. Sasa kila mtu anang'oa, na hakuna wa kumuuliza mwenzake. Gidioni, mume wa Yuditha, naye akang'oa. Kazi yake ilikuwa kubebea wageni mizigo mlimani, na huko juu, kambini, mwenzake mmoja alimjaza maneno kuhusu mipapai. Kwamba mpapai hauna masihara. Unapanda leo, mwaka haujazunguka unakula. Mjini Moshi mapapai yanagombaniwa.

Basi Gidioni akaleta miche, akapanda mstari mzima kwenye kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, pale ilipokuwa kahawa. Mche mmoja ukambakia. Akaupeleka kule pembeni, palipokuwa wazi siku zote, hapana mgomba, hapana mbuni, hapana hata magimbi.

"Hapo usipande," mama yake alimwambia.

"Kwa nini, mama?"

"Hapo hapapandwi."

"Ardhi yote hii nzuri inakaa bure! Mama, na wewe."

Elinipendo akafunga mdomo. Sijui niseme nini juu ya wazee wetu. Jambo la kuokoa mtu wanalo kifuani, wanalikalia kama kuku na mayai, kisha mambo yakiharibika wanasema si nilisema?

Mche ukapandwa. Na wiki hiyohiyo Yuditha akashikwa na uchungu kabla ya wakati.

Mtoto alizaliwa njiti. Wa kike, mdogo kiasi kwamba nesi alimfunga kwa pamba mwili mzima kabla ya kumvisha. Mtoto wa kwanza wa Yuditha alizaliwa hivyohivyo, naye hakuiona wiki ya pili. Kwa hiyo kwa huyu wa sasa Yuditha alikuwa halali. Anamlaza kifuani, anahesabu pumzi. Akipumua, anashukuru. Akikawia kupumua, anamtikisa. Alitaka kitu kimoja tu chini ya jua: mtoto huyu akue. Akue upesi, atoke kwenye ule udogo unaopitiwa na kifo kirahisi.

Kitovu kilipodondoka, Elinipendo alikuwa Sanya Juu kwa binti yake. Na kitovu kule kwetu hakitupwi. Kinazikwa kihambani, chini ya mgomba, na anayekizika ni bibi. Yuditha alijua, alikulia humohumo. Angesubiri. Lakini asubuhi ile alisimama mlangoni na kitovu kwenye kipande cha khanga, akaitazama migomba. Ilikuwa imezeeka, majani yamechanika, inakwenda pole pole kama siku zote. Kisha akautazama ule mpapai wa pembeni. Juzi ulikuwa chini ya goti. Asubuhi ile ulikuwa umempita kiuno.

Akasema moyoni, mwanangu akue hivi.

Akachimba kwa kijiko cha mti. Akafukia.

Mama mkwe aliporudi na kuuliza, Yuditha akajibu, "Nimeshakizika, mama. Kwenye mgomba." Elinipendo akanuna kidogo kwa kunyang'anywa kazi yake, kisha yakaisha.

Na mpapai ukakua. Wee! Ukakua mpaka ikawa aibu. Ile mingine mstarini ilikuwa bado inajikongoja, huu umeshapita paa la jiko, umetoa maua, umebeba mapapai yaliyobanana shingoni kama maziwa ya nguruwe mzazi. Gidioni aliposhuka mlimani akaushangaa, akaupapasa, akacheka. "Samadi hiyo," akasema. "Mnaona nilivyowaambia?" Akapanda tena mlimani na wageni wengine.

Mtoto hakukua.

*

Baada ya jioni ile ya nepi, Yuditha hakutulia tena. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda dirishani, anafunga pazia, anafungua pazia. Mama mkwe akamwambia ameona ukungu tu, mzazi akikosa usingizi anaona mengi. Nepi walizikuta asubuhi palepale zilipoanguka, isipokuwa moja. Ile moja walikuja kuiona chini ya mpapai, imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

Kisha mtoto akakataa ziwa.

Unampa chuchu, anageuza uso. Unamkamulia mdomoni, anatema. Halii. Mtoto mwenye njaa analia, kila mtu anajua. Huyu alikuwa anatazama dari, ametulia kama mtu aliyeshakula kwingine. Maziwa ya Yuditha yakamjaa, yakamuuma, yakalowesha nguo, hayana mnywaji. Na kila jioni, giza likianza kuingia, mtoto anaanza kumeza. Midomo imefungwa, hakuna kitu kinywani, lakini koo linatembea.

Ngu... ngu... ngu...

Ikifika wakati taa inawashwa, midomo ina utomvu. Baada ya siku chache ngozi ikaanza kuchubuka kuzunguka mdomo, vidonda vidogo vyekundu, kama mtu aliyemenya mapapai mabichi akasahau kunawa.

Zahanati, nesi alimweka mtoto kwenye mizani, akaitazama, akamweka tena.

"Mama, unampa nini huyu mtoto?"

"Simpi kitu, dada. Hata ziwa halitaki."

"Usinidanganye. Vidonda hivi ni vya dawa za kienyeji. Mtoto anapungua! Anapungua, na wewe unamnywesha majani!"

Akina mama wote kwenye benchi wakageuka. Yuditha akajifunika uso kwa khanga, akatoka na mtoto wake, akalia njia nzima. Alilia kwa aibu, lakini zaidi alilia kwa sababu alimnyanyua mtoto na mikono yake ikasikia kabla ya kichwa kukubali. Alikuwa mwepesi kuliko siku aliyotoka naye hospitali.

Nyumbani Elinipendo alikuwa anakatakata majani ya ng'ombe. Akainua macho.

"Amesemaje nesi?"

Yuditha akapiga magoti palepale kwenye majani.

"Mama, kitovu sikukizika kwenye mgomba."

Panga likasimama.

"Ulikizika wapi?"

Yuditha akanyoosha kidole kule pembeni.

Elinipendo alikuwa mwanamke mzito, wa kanisani, mwimbaji wa sauti ya pili, mtu asiyetetereka. Akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba.

"Ruwa wangu, Mungu wangu," akasema. "Yuditha. Mwanangu. Umefanya nini?"

"Nilitaka akue upesi, mama."

"Mgomba ukizeeka unaacha watoto pembeni yake. Ndiyo maana kitovu tunakiweka pale, ili mtu asiishe. Mpapai unaacha nini? Unakimbia, unakimbia, miaka michache umelala chini, pabaki tundu." Akapunguza sauti mpaka ikawa ya kunong'ona, ingawa ilikuwa mchana na walikuwa wawili tu. "Na pale... pale kuna mtu."

"Nani?"

"Mkunde."

Yuditha alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo.

"Mke wa kwanza wa babu yake Gidioni," Elinipendo akasema. "Alikaa hapa miaka mingi, hakuzaa. Babu akaoa mwingine, ndiye aliyemzaa mume wangu. Huyu Mkunde alipokufa, walikuwa bado na mambo ya zamani. Mwanamke asiye na mtoto hazikwi kwenye migomba, migomba ni ya wenye uzao. Wakamweka pembeni. Hakuna aliyemlilia, maana nani amlilie? Nilipokuja kuolewa hapa, mama mkwe alinionyesha pale, akaniambia jina, akaniambia usipande. Basi. Na mimi sikusema kwa mtu, maana wachungaji hawapendi mambo haya, na... na niliona aibu kwa ajili yake."

"Kwa hiyo mimi nime..."

"Wewe umempa mtoto."

*

Gidioni alikuwa mlimani. Kumsubiri haikuwezekana, maana mtoto alikuwa sasa hafungui ngumi. Elinipendo alikwenda mpakani, kwenye masale, ile mimea ya majani marefu inayotenga kihamba na kihamba, akakata jani moja bichi, akalifunga fundo katikati. Mchagga akiletewa isale lililofungwa fundo, hata kama umemuulia ng'ombe, hana budi akusikilize. Hawezi kukufukuza. Ila naye ana haki ya kusema anachotaka.

"Na wafu?" Yuditha akauliza.

"Mkunde alikuwa Mchagga," Elinipendo akajibu. "Atasikia."

"Twende wote, mama."

"Aliyekosa ndiye anayebeba. Mimi nitabaki na mtoto. Akianza kumeza nitagonga sufuria, ujue yupo."

Jua likazama. Ukungu ukashuka. Yuditha akatoka na jani mkononi, miguu mitupu, kwa sababu mama mkwe alisema usiende na viatu kwa mtu unayemwomba. Nyuma yake alisikia mlango ukifungwa, na Elinipendo akianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya kutetemeka.

Mpapai ulikuwa umesimama mrefu, mwembamba, na kichwa chake cha majani hakikutikisika. Yuditha akasimama mbele yake. Akangoja. Hakuna kitu. Akaanza kujiona mjinga.

Ndani, sufuria likagongwa.

Ko.

Harufu ikaja. Kisha ile sauti, karibu mno safari hii, haikutoka mahali fulani, ilitoka ndani ya shina lenyewe.

Ngu... ngu... ngu...

"Umekuja kumchukua."

Mwanamke alikuwa amekaa upande wa pili wa mti. Yuditha aliona bega tu, na miguu iliyonyooshwa. Miguu ilikuwa na udongo hadi magotini.

"Nimekuja na isale," Yuditha akasema. Akalinyoosha lile jani mbele.

Kunyonya kukasimama.



"Ni zamani," yule akasema, "sijaona isale."

"Nimekukosea, mama. Sikujua kama hapa pana mtu."

"Hakuna anayejua." Haikuwa sauti ya hasira. Afadhali ingekuwa ya hasira. "Wanapita. Wanamwaga majivu. Wewe ndiye uliyeniletea kitu. Ulikichimbia kwa upole, nikasikia mikono yako. Nikasema, leo wamenikumbuka, wameniletea wangu."

"Ni wangu. Naomba, mama. Anakwisha."

"Ananyonya vizuri."

"Maziwa hayo yanamchubua! Anakufa!"

Yule mwanamke akayumba, mbele, nyuma. Mikono yake ilikuwa imekumbatia hewa, na ilikuwa imeikumbatia vizuri, kiwiko kimeinuliwa kuzuia kichwa kisichokuwepo. Yuditha, kwa hofu yote ile, akajikuta anamhurumia. Alikuwa amekumbatia hivyohivyo mwenyewe, wiki zile baada ya mtoto wa kwanza.

"Isale nimelipokea," Mkunde akasema mwisho. "Sitakataa. Lakini na mimi nina neno."

"Sema."

"Nimeolewa hapa. Nimelima hapa. Nimekufa hapa. Sijawahi kuitwa mama."

Sufuria likagongwa tena. Ko! Ko! Ko! Yuditha akasikia Elinipendo anamwita Yesu kwa sauti kuu, na wimbo umekatika. Akasema bila kufikiri, kama mtu anayetoa chochote alicho nacho mfukoni mradi aachiwe apite.

"Utaitwa."

"Na nani?"

"Na mtoto. Mtoto atakuita. Chukua jani, niachie mtoto!"

Vidole vikagusa vyake. Vya baridi, na vinanata. Jani likatoka mkononi mwake taratibu.

Palipambazuka wakiwa hawajalala, lakini mtoto alikuwa amelia. Alilia kwa njaa, kilio cha watoto wote, na aliposhika ziwa la mama yake hakuliachia mpaka upande mmoja ukaisha. Elinipendo akachukua panga, wakaenda pembeni. Pigo la kwanza, utomvu ukaruka, mweupe, mwingi, ukatiririka chini ukaingia ardhini kama ndoo iliyomwagwa. Pigo la tatu mti ukalala. Shina la mpapai lina uwazi ndani, hilo kila mtu analijua. Elinipendo akainama akachungulia ndani ya kisiki, akarudi nyuma, akaziba mdomo.

Kitovu kilikuwa kimekwama pale ndani. Yuditha alikizika kikavu, cheusi, kigumu kama kipande cha nyama iliyokaushwa. Hiki kilikuwa kibichi. Kilikuwa laini, cha kijivu, kina unyevu, na kwenye ncha moja bado kimefungwa uzi uleule wa hospitali.

Na kilikuwa na joto.

Walikifunga kwenye khanga. Bibi akakizika mwenyewe chini ya mgomba wenye machipukizi, akashindilia udongo kwa viganja vyote viwili.

*

Gidioni aliporudi ilikuwa vurugu.

"Nani kakata mpapai wangu? Ule ndio uliokuwa umezaa!"

"Mimi," mama yake akasema. "Una neno?"

Gidioni akamnyanyua binti yake, akaona mashavu, akasahau mpapai. Mashavu! Mtoto alinyonya kama anayelipa kisasi. Vidonda vikapona. Nesi wa zahanati akasema unaona sasa, ungenisikiliza mapema, na Yuditha akasema ndiyo dada, ahsante dada, akaenda zake akicheka.

Ubatizo ulipokaribia, Gidioni akasema mtoto ataitwa Brenda, jina la mgeni mmoja aliyempa koti. Elinipendo akasema ataitwa Mkunde. Watu wakashangaa, kwa sababu binti wa kwanza jina ni la bibi yake, na bibi mwenyewe alikuwa hai, yuko palepale, na jina lake zuri la Kikristo.

"Kina Elinipendo wako tele kanisani," akajibu. "Huyo mwingine hana mtu."

Akabatizwa Mkunde Brenda. Kule pembeni bibi akapanda masale kuzunguka pale mahali, kama wanavyopandiwa watu wenye heshima zao, na kila Jumapili akawa anasimama hapo kidogo akitoka ibadani.

Siku moja Yuditha akamuuliza, kwa sauti ya chini, wakichambua maharage.

"Mama. Jina linatosha?"

"Linatosha."

"Nilimwambia mtoto atamwita."

"Si ndiyo jina amempa? Linatosha, Yuditha. Chambua maharage."

Lakini alijibu bila kumtazama.

Mtoto akakua. Akakaa, akatambaa, akaota meno. Akaanza maneno. Neno la kwanza lilikuwa "baba," na Gidioni akatangazia kijiji kizima. Kisha "bibi." Kisha ng'ombe akawa "ngo," na maji yakawa "mma." Kila kitu kilipata jina, isipokuwa mtu mmoja. Yuditha anamweka magotini, anamshika kidevu.

"Sema mama. Ma-ma."

Mtoto anamtazama mdomo, anacheka, anasema, "Ngo."

Majirani walicheka pia. Yuditha alicheka nao, kisha akaenda jikoni akalia, kwa wivu ambao hakuwa na wa kumweleza. Maana yeye alijua neno lile limewekwa wapi, na limewekewa nani.

Jioni moja ya Juni, baridi imeshika, alitoka kuanua nepi. Mapema, jua bado lipo. Mtoto alikuwa kiunoni, ameshikilia khanga ya mama yake. Yuditha alianua mpaka mwisho wa kamba. Masale ya pembeni yalikuwa yameshatanda, mabichi, marefu.

Mtoto akaachia khanga. Akainuka mabegani, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kule kwenye masale, uso umejaa furaha.

"Mama!" akaita.

Masale yakatikisika. Upepo haukuwepo.

Yuditha alisimama pale na nepi begani, na moyo wake ukapasuka na kushukuru kwa pamoja. Basi, akasema kimoyomoyo. Umeitwa. Nimelipa. Mama yangu, tumemalizana. Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango, akasukuma komeo, akawasha taa. Akamketisha mtoto mkekani na kijiko cha kuchezea. Mara ya kwanza tangu mpapai ule ulipopandwa, alikaa chini na hakusikia haja ya kusimama tena.

Mtoto alikuwa anagonga kijiko. Akaacha.

"Mama," akasema, ameinamisha kichwa, kama anayejaribu neno.

Hili lilikuwa lake! Yuditha akajisahau, machozi yakamtoka, akafungua mikono yote miwili.

"Abee!" akaitika.

Na nyuma ya mlango, si kule kwenye masale tena, hapa hapa nyuma ya mbao, sauti nyingine ikaitika pamoja naye, taratibu, kwa upole wote wa mzazi:

"Abee, mwanangu."

Mtoto akaweka kijiko chini. Akamtazama Yuditha. Akautazama mlango.

Kisha akaanza kutambaa.